Tisa kwa Kumi

Naweza kumfanya Mwalimu hata nikiwa nimelala. Bega la kushoto linatangulia, la kulia linafuata kama limeitwa. Kidevu juu, kama mtu anayesoma kibao kilichowekwa mbali. Kabla ya neno lolote anasafisha koo mara mbili, anatazama dari, kisha ananyamaza. Ananyamaza mpaka yule wa dawati la nyuma anaacha kutafuna. Ndipo anasema, "Wananchi."

Wananchi wenyewe tulikuwa darasa la sita, na nusu yetu tulikuwa na kamasi.

Alizaliwa wapi, babake nani, mimi sijui na sitafuti. Wako wazee hapa Barani, mtaa wetu wa Malindi, watakuhesabia mababu zake mpaka kwa Nabii Adamu, kawaulize hao. Mimi namjua kuanzia kidevu. Na namsimulia kwa sababu ya uwanja. Shule yetu ya msingi ilikuwa na uwanja, mchanga mtupu na magoli ya miti, lakini uwanja. Leo pana ukuta, na nyuma ya ukuta pana kituo cha mafuta na maduka. Mpira wa watoto ukiruka ule ukuta haurudi. Mlinzi wa pale ana gunia zima la mipira ya matambara, sijui anangoja nini nayo. Wengine wanasema uwanja ulichukuliwa na tajiri, wengine wanasema na mheshimiwa wetu. Wote wananisitiri tu. Uwanja ule nilisaidia kuuchukua mimi, kwa mdomo huu huu, na mdomo huu alinichongea Mwalimu mwenyewe.

Alikuwa akifundisha somo la jamii. Kwake kila mtoto ni mwananchi. Mwananchi, futa ubao. Mwananchi wa dirishani, toa kidole puani. Ukikosea ndipo cheo kinapanda. Ukijibu upuuzi alikuwa anakuinamia kidogo, mkono tumboni, kama mhudumu wa hoteli ya Watamu, halafu anasema taratibu, "Keti, Mheshimiwa." Darasa zima linakufa. Mimi nilikuwa Mheshimiwa mara nyingi kuliko bunge zima.

Hakupiga. Usidhani ni huruma. Mwalimu wa hesabu alitupiga na jioni tukasahau, tukamsalimia njiani na kumbebea mkoba. Huyu hakugusa mtu, na mpaka leo ziko sentensi zake zinaniuma hali ya hewa ikibadilika.

Basi Ijumaa. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa, kabla wenzetu hawajaenda kuswali, alikuwa anatoka mbele ya darasa na kukaa kwenye dawati la kwanza. Dawati la mtoto, yeye mrefu, magoti yanafika masikioni. Anatoa daftari lake la jalada jeusi, anafungua kalamu, anasema, "Nifanyeni."

Maana yake mmoja wetu aende ubaoni awe Mwalimu. Afundishe vile alivyofundisha yeye wiki ile: pale aliposahau, pale alipomkatiza mtoto, pale alipoulizwa swali asilolijua akajifanya amelisikia vibaya. Yeye anatazama na kuandika. Mtoto akimaliza, Mwalimu anageuka nyuma na kuuliza darasa, "Ngapi?" Tunapiga kelele, saba, nane, mbili. Kisha anatoa alama yake, na ni yake inayoandikwa. Chini ya ukurasa anaandika maneno mawili, *Kosa langu*, na mbele yake kosa lenyewe. Jumatatu kosa hilo huliona tena.

Siku ya kwanza tulidhani ni mtego. Mtoto mmoja alimuuliza kama hatatuchapa.

"Mimi nina macho mawili, yote yanawatazama nyinyi," alisema. "Nyinyi mko arobaini. Hesabu hayo macho, yote yananitazama mimi. Sasa nani anajua zaidi nilivyofundisha?"

Mwalimu mkuu hakuipenda habari hii. Alisema anatuzoesha ufidhuli. Alikuwa sawa kabisa.

Kwa sababu mimi, bwana, nilikuwa nimeipata kazi yangu. Wiki ya kwanza niliyotoka mbele nilichomeka chaki sikioni kama fundi seremala, nikafuta mkono kwenye makalio ya kaptula, nikageukia ubao ili wote waone ule mkono mweupe umepigwa chapa nyuma. Watoto walianguka chini ya madawati. Mwalimu aliandika. Jumatatu akaja na kitambaa cha kufutia mkono. Wiki nyingine nilimfanya anavyosema "maoni ya kila mtu ni muhimu" huku anamkatiza mtu. Nilimwita mwenzangu aseme, akafungua mdomo tu, nikamwambia, "Asante, tumekusikia, mwingine." Aliandika hiyo pia, mstari mrefu. Lakini hiyo hakuiacha. Mpaka anastaafu alikuwa anatuambia maoni yetu ni muhimu, na hakuna aliyewahi kufika mwisho wa sentensi mbele yake.

Kila Ijumaa alinipa tisa. Darasa linapiga kelele kumi, kumi, yeye anasema, "Tisa." Mara ya tatu nikamuuliza.

"Mwalimu, iko wapi ile moja?"

"Umeacha kitu," akasema. "Unajua, na mimi najua."

Ni kweli nilijua. Mwalimu alikuwa na kigugumizi. Kule kusafisha koo, kule kutazama dari, kule kunyamaza ambako wazazi walikuita hekima, kote kulikuwa kukwepa kigugumizi. Neno likianza na "ku" alikuwa analiona likija toka mbali, kama dereva aonavyo shimo, na analizunguka. Akikasirika tu ndipo linamnasa. Nadhani mimi peke yangu niliyeng'amua, maana mwigaji hutazama koo la mtu. Na ile moja sikuigusa. Sijui kwa nini. Nilikuwa mtoto mbaya, niliiga hata kilema cha mama muuza achari, lakini hiyo ya Mwalimu niliiacha pale pale kooni mwake.

Sasa, usimwonee huruma mapema. Tulikuwa na msichana, Riziki, mtoto mpole, mwandiko kama umepigwa chapa. Zamu yake ilipofika alimfanya Mwalimu mwema. Alitembea polepole, akamsifu kila mtoto, akamshika bega mmoja aliyekosea. Mwisho akasema, "Nawapenda wanafunzi wangu." Darasa likanyamaza, tamu kabisa.

"Ngapi?" akauliza Mwalimu.

Tukasema kumi.

"Mbili," akasema yeye. "Umenipaka mafuta. Mtu anayenipaka mafuta ananitaka nini? Mimi sikumshika mtu bega wiki hii. Umesema uongo mbele ya wenzako arobaini ili mimi nifurahi. Ukikua utapewa kazi na serikali."

Riziki alilia mpaka kengele. Mwalimu hakumtazama, alikuwa anaandika. Muhula ulipoisha mama yake Riziki alimletea kikapu cha maembe ya kwao Magarini, kumshukuru kwa vile mtoto amekuwa wa pili. Akayarudisha yote, kwa mguu, mchana wa jua kali, akampigia hodi mama wa watu. "Shukrani zinanipofusha," alimwambia. Yule mama alisimulia soko zima. Alisema hajawahi kutukanwa kwa adabu namna ile.

Na sasa yangu. Jumatatu ndiyo ilikuwa zamu yake. Hakuitangaza, ilikuwa inatokea tu. Anasimama mbele, halafu ghafla si yeye, ni wewe. Alimfanya kila mmoja wetu, mara moja moja, na mara moja ilitosha.

Mimi nilikuwa sijui kusoma vizuri. Nilikuwa nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe: hili naliona, hili silioni, naruka. Hakuna aliyejua, maana nikiambiwa nisome nilikuwa nafanya kichekesho. Nitasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, nitasoma kama chifu mlevi, watoto wanacheka, mwalimu anakasirika, "haya keti," nimepona. Miaka sita nilipona hivyo.

Jumatatu hiyo Mwalimu akachukua kitabu, akasimama kwa miguu yangu, tumbo mbele. Akatazama ukurasa. Akatoa sauti ya redio, maneno mawili. Halafu akainua macho, macho yangu mimi, macho ya mbuzi aliyefungwa, akaangalia kama watu wanacheka. Akarudi kitabuni, kidole chini ya neno, midomo inatafuna. Akainua tena macho. Darasa lilikuwa limeacha kucheka zamani.

"Huyu anawachekesha," akasema kwa sauti yake, "ili msione kwamba hajui kusoma. Nyinyi mnacheka, naye anazama. Kosa si lake peke yake. Lakini ni lake."

Akaniwekea saa moja kila siku baada ya masomo, na ilibidi nikae. Alinifundisha, sikatai. Leo nasoma, polepole, kwa kidole. Lakini kabla ya kunifundisha alinivua nguo mbele ya watu arobaini, na nilipovaa tena sikusahau nani alinivua. Darasa la nane nilimaliza na alama chache, za kuwekea chumvi tu, nikatoka, na katika kutoka nilijiapia kitu ambacho mtoto anajiapia: siku moja na yeye atavuliwa.

Watu wazima walikuwa na shida zao naye. Siku ya wazazi walimu wengine wanasoma orodha ya watoto watundu. Yeye alisimama na daftari jeusi, akasoma makosa yake ya muhula. Kwamba alifundisha majuma mawili kuwa chifu huchaguliwa kwa kura, na watoto wakaandika hivyo kwenye mtihani. Kwamba alimwita mtoto wa fulani mvivu, kumbe alikuwa na malaria. Wazazi wakatazamana. Hawe wangu, mama yake baba, alikuwa ameshuka toka shamba na leso yake mpya kwa ajili ya siku hiyo.

"Sasa huyu," akasema kwa sauti, maana alikuwa hasikii vizuri, "tunaletewa ili akosee?"

"Ndiyo, mama," akajibu Mwalimu. "Wenzangu nao wanakosea. Mimi nawaletea risiti."

Walimu wenzake hawakumpa chai mwezi mzima.

Na nje ya shule hivyo hivyo. Bomba la maji likipasuka, yeye ameandika barua. Taa ya barabara imezima, barua. Mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi, ile ya chini ya turubai yenye viti vya wageni mbele na wenyeji kwenye nyasi, hakukosa hata mmoja. Na alikuwa anakwenda na kiti chake. Kiti cha plastiki, cha buluu, amekifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Anafika, anakifungua, anakiweka mstari wa mbele kabisa kati ya kiti cha mheshimiwa na kiti cha tajiri, anakaa, anakunja mguu.

"Mzee, hapa ni pa wageni," askari anamwambia.

"Na mgeni hapa ni nani?" anauliza. "Mimi nimekuja na kiti changu. Huyu amekuja na kiti cha kukodi."

Watu walikuwa wakimcheka. Wakimpisha, lakini wakimcheka. Alikuwa anasema kweli kwa namna inayokufanya utamani uongo. Alitufundisha kwamba serikali ni mtu wa kuulizwa, na alipomuuliza yeye alimuuliza vizuri mno, hata waliokuwa upande wake walitafuta viatu waondoke.

Mimi nikawa msema-chochote. Nilianza harusini, baada ya watu kula, mtu ananipa kipaza sauti nimwige bwana harusi. Halafu mazishi, ndiyo, hata mazishi ukijua kipimo. Halafu mikutano. Mkutano bila mchekeshaji watu hawakai, jua kali, hotuba ndefu. Nilikuwa na koti jekundu. Magarini, Watamu, Malindi mjini, wananiita.

Ndipo ukaja ule wa uwanja. Tajiri anataka kujenga, na mheshimiwa anasema uwanja ule si wa shule, ni wa umma, basi umma utoe maoni. Mtu wa mheshimiwa akanifuata kibandani nakula viazi karai.

"Kazi ndogo," akasema. "Watu wachangamke. Yule mzee wa kiti atakuja, unamjua?"

"Namjua toka kidevu."

"Basi akisimama, usimwache akaenda mbali."

Nilijua maana yake, sikuwa mjinga. Nilimaliza viazi vyangu, nikalamba ukwaju vidoleni, nikasema sawa.

Turubai lilifungwa pale pale uwanjani, kati ya magoli. Kulikuwa na meza yenye soda na mkate, na mbele ya meza kijana mwenye karatasi ya mahudhurio. Andika jina, tia sahihi, chukua soda. Ndiyo desturi yetu, nani anakataa soda baridi mchana wa Malindi. Mama zangu, wavuvi, vijana wa bodaboda, walimu, wote foleni.

Mwalimu alifika na kiti chake. Alikuwa amestaafu, amekonda, kola imekuwa kubwa. Walipoita maoni alikuwa wa kwanza kusimama. Akasafisha koo mara mbili. Akatazama turubai.

"Wananchi," akasema. "Wekeni chini hizo kalamu. Karatasi hiyo haikuandikwa juu yake mnakubali wala mnakataa. Iko wazi. Pako mahali watu walitia sahihi ya soda, na karatasi yao ikabanwa nyuma ya barua inayosema wananchi wamekubali. Hamjaulizwa kitu bado, na mmeshajibu. Anayetaka soda nitamnunulia mimi. Uwanja huu watoto wenu hawana mwingine."

Foleni ilisimama. Wallahi ilisimama. Niliona mama mmoja amerudisha kalamu mezani. Meza kuu ikanitazama mimi.

Mheshimiwa akasema kwa sauti ya kuchoka, "Mzee, acha kuharibu maendeleo, wewe huna hata mtoto pale shuleni."

Hapo Mwalimu akakasirika. Nilimwona linamjia, akalitazama, akataka kulizunguka, akachelewa.

"Ku," akasema. "Ku, ku, ku..."

Alikuwa anataka kusema kutia sahihi. Nadhani. Sikumngoja.

"Jamani," nikasema kwenye kipaza sauti, "nani kamuona kuku wa Mwalimu? Anawaita."

Kicheko kile sijakisikia tena. Kilianzia kwa vijana wa bodaboda kikapita mpaka kwa akina mama, mpaka walimu. Mheshimiwa alikuwa anafuta macho kwa kitambaa, tajiri anapiga goti. Nikatoka mbele. Bega la kushoto, bega la kulia. Kidevu. Dari. Nikafuta mkono kwenye makalio. "Wa, wa, wananchi. Maoni ya kila mtu ni mu, mu, muhimu. Asante, tumekusikia, mwingine." Wako mle watu wazima niliokaa nao darasa la sita, walikuwa wanalia kwa kucheka, wanaitikia kabla sijamaliza. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kumi!"

Mwalimu hakukimbia, hakutukana. Alikaa kwenye kiti chake cha buluu. Akatoa daftari jeusi mfukoni, akafungua kalamu, akaanza kuandika. Alinitazama mpaka nikamaliza, vile vile kama Ijumaa. Kisha akafunga daftari, akabeba kiti, na kile kiti kikanasa kwenye kamba ya turubai, akawa anakivuta na watu wanacheka upya. Hakuna aliyeinuka kumsaidia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Foleni ikaendelea. Soda zikaisha.

Wiki chache baadaye karatasi zile zilikuwa zimebanwa nyuma ya barua. Jina la mama yangu lilikuwa la tatu.

Riziki ndiye aliyenitafuta. Sasa ni mwalimu pale pale shuleni, watoto wa darasa lake wanakimbia kwa zamu kwenye kibaraza kwa sababu hakuna pengine, watano wanakimbia na wengine wanahesabu. Alinikuta napita kwenye geti la shule, sikumbuki nilikuwa naenda wapi.

"Mwalimu amepigwa na kiharusi," akasema. "Upande mmoja wote. Anakuita."

"Ananiitia nini?"

"Mimi nampelekea uji kila siku na hajanishukuru hata mara moja," akasema Riziki. "Wewe anakuita kwa jina. Nenda, koti jekundu, usinisimamishe juani."

Nilikwenda asubuhi. Nilibeba maziwa na ndizi, na njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya msamaha, sentensi nne, nimeziweka vizuri. Alikuwa kibarazani, kwenye kile kiti cha buluu, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Uso nusu umeshuka. Nusu nyingine ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa, Mheshimiwa."

Alisema polepole, neno moja moja, kila neno likitoka mdomo wa upande. Hakukwama hata mara moja. Aliona ninavyosikiliza.

"Kigugumizi kimekwisha," akasema. "Kiharusi kimenitibu. Kaa."

Nikakaa chini, kwenye saruji. Nikaanza sentensi ya kwanza. "Mwalimu, mimi nimekuja kukuomba..."

"Asante, nimekusikia," akanikatiza. "Utaomba kwa sauti ya nani? Ya redio?"

Sentensi tatu zilizobaki zikafa. Kwa mkono mzima akanisukumia daftari jeusi, limefunguliwa tayari.

"Soma."

"Mwalimu, miwani sina."

"Huvai miwani. Soma."

Nikaweka kidole. Nilisoma kama darasa la sita, jiwe kwa jiwe, na kila nilipolikosa neno aligonga kiti, nikarudi. "Mkutano wa uwanja. Amenifanya. Bega, sawa. Dari, sawa. Kuku." Akagonga. "Kuku, sawa. Hakuacha kitu." Halafu alama imeandikwa kubwa, imezungushiwa duara: kumi.

Nikaipitishia kidole. Miaka yote ile.

"Endelea. Iko chini."

"Kosa langu," nikasoma. Mbele yake mwandiko ulikuwa umebanana. "Kila Ijumaa nilimsahihisha anavyonifanya. Sikumuuliza hata siku moja ana..." Akagonga. "Anam... anamfanyia nani."

"Tena."

"Anamfanyia nani."

"Sawa. Umesoma."

Nilitaka kitu cha kusema. Mdomo wangu hauvumilii nafasi tupu, wengi wanaujua. Nikasema, "Basi Mwalimu, kumi yangu nimeipata, bado cheti tu."

Hakucheka. Alinitazama kidogo. Kisha akaniacha, akawa mtu mwingine. Alikuwa amekaa, upande mmoja umekufa, na bado nikaona koti jekundu. Mkono mzima ukashika kipaza sauti kisichokuwepo. Kidole kidogo kikasimama, na mimi sikujua kama kidole changu kinasimama. Midomo, ile nusu, ikasema kitu cha kuchekesha bila sauti. Na hapo hapo, kabla kicheko hakijaja, jicho lake zuri likakimbia pembeni, haraka, kulia, pale ilipokuwa meza kuu. Likangoja. Likaona wamecheka. Ndipo tabasamu likaja, lenye njaa, la mbuzi aliyetupiwa ganda.

Akarudia. Utani, jicho, kungoja, tabasamu. Utani, jicho.

Nikajikuta na mimi nimegeuza shingo kuangalia kule anakoangalia. Palikuwa na ndoo, na ukuta wa jirani.

Alipochoka aliushusha mkono mapajani, akavuta pumzi. Mate yalikuwa yamemtoka upande ule, hakuyafuta, na mimi sikuthubutu kumfuta. Jicho lile likarudi kwangu, likakaa.

"Ngapi?" akauliza.

Nikatafuta alichoacha. Nilitafuta kwa haki, vile alivyotufundisha. Nikamwambia kumi.